Kampuni ni ya nani hasa? Profesa Larry Lang na kazi ya kumfuata mwenye hisa mpaka mlango wa mwisho

Chukua mfanyabiashara mmoja, tumwite Mzee. Mzee ana asilimia 51 ya kampuni ya kwanza, hiyo ya kwanza ina asilimia 51 ya kampuni ya pili, na ya pili ina asilimia 51 ya kampuni ya tatu. Zile 49 zinazobaki kila ngazi wanazo watu wa kawaida walionunua hisa sokoni, walimu, manesi, wastaafu. Sasa kampuni ya tatu ni ya nani? Ukienda kwenye mkutano mkuu wa wanahisa ni ya Mzee, wala hakuna ubishi, maana anayeamua ya kwanza ndo anaamua ya pili na ndo anaamua ya tatu, kura yake inapita kila ngazi. Ila ukija upande wa hela mambo yanabadilika kabisa, ya tatu ikipata faida ya milioni 100 na ikaigawa yote, na kila ngazi ikapitisha yote juu, Mzee inamfikia milioni 13 na kidogo, yaani 51 ya 51 ya 51. Sauti anayo yote, hela anayo robo ya nusu.

Haya, sasa geuza upande wa pili. Kampuni ya tatu inahitaji ghala, na Mzee ana ghala lake mwenyewe la pembeni, anaipangishia kampuni kwa bei iliyozidi bei ya soko kwa milioni 100. Kampuni imepoteza 100. Kwenye hisa zake Mzee imemuuma 13, ila mfukoni kwake zimeingia 100 taslimu, kwa hiyo ametoka na 87 na kila karatasi ina sahihi na muhuri, bodi imepitisha, mkaguzi ameona mkataba upo. Hizo 87 zimetoka kwa mwalimu na nesi na mstaafu, na hawatajua, wataona tu kwenye ripoti kwamba mwaka huu gharama za uendeshaji zimepanda na gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, halipo.

Hilo pengo kati ya kura na hela ndo jambo ambalo profesa mmoja wa fedha, Larry Lang, alilifanyia kazi miaka na miaka, na mi naona ni moja ya vitu muhimu sana ambavyo mtu mwenye hisa hata kumi tu anapaswa kuvielewa. Nitaeleza pole pole kwa sababu ukilishika hili, habari nyingi za makampuni unazosoma kila siku zinaanza kusomeka vingine.

Lang, Wachina wanamwita Lang Xianping, alizaliwa Taiwan mwaka 1956, akasoma uchumi kwao mpaka shahada ya pili, halafu akaenda Marekani akachukua shahada ya uzamivu ya fedha kwenye shule ya Wharton, chuo kikuu cha Pennsylvania, akamaliza 1986. Baada ya hapo akafundisha vyuo kadhaa vya huko huko, Michigan State, Ohio State, New York, Chicago. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za Kimarekani kabisa. Mwaka 1989 alitoa makala na Robert Litzenberger kuhusu matangazo ya gawio, kwamba soko linaposikia kampuni imeongeza gawio linafurahia nini hasa, je linafurahi kwa sababu limepewa habari kwamba kampuni inaingiza zaidi, au linafurahi kwa sababu hela inatoka mikononi mwa mameneja kabla hawajaichezea kwenye miradi isiyo na maana. Mwaka 1994 na René Stulz wakaonesha kwamba makampuni ya Marekani yaliyojitawanya kwenye biashara nyingi kwa wakati mmoja yalikuwa na thamani ndogo sokoni kuliko yaliyokaa kwenye biashara moja. Nazitaja hizi mbili makusudi, sababu ukiziangalia vizuri wazo lile lile liko ndani yake, hela ya kampuni ikikaa mikononi mwa anayeamua na siyo mikononi mwa anayemiliki, inapotea njia.

Miaka ya 90 akahamia Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Na hapo ndo kazi yake ilipobadilika sura, kwa sababu Hong Kong ukifungua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote kubwa hukutani na yale uliyofundishwa Marekani.

Marekani walikuwa wamezoea picha iliyochorwa mwaka 1932 na mwanasheria Adolf Berle na mchumi Gardiner Means, kwamba kampuni kubwa ya kisasa ina wanahisa maelfu kwa maelfu wametawanyika nchi nzima, hakuna hata mmoja mwenye hisa za kutosha kumtisha mtu, kwa hiyo anayetawala ni meneja wa kuajiriwa. Tatizo kwenye picha hiyo ni moja tu, meneja kuwadhulumu wenye mali. Vitabu vya fedha vya miaka mingi vilijengwa juu ya hapo, na wanafunzi dunia nzima, mpaka huku kwetu, wamekaririshwa hivyo hivyo kana kwamba kila kampuni duniani iko hivyo. Halafu mwaka 1999 watu watatu wa Harvard, La Porta, Lopez-de-Silanes na Shleifer, wakachukua makampuni makubwa 20 kutoka kila nchi kwenye nchi 27 tajiri, wakauliza mwenye kampuni wa mwisho kabisa ni nani. Wakakuta yaliyotawanyika kama alivyosema Berle ni asilimia 36 tu, mengine yana mwenyewe, familia au serikali, na njia kubwa ya kuyashika ni ile ile ya Mzee, kampuni juu ya kampuni, wenyewe wanaiita piramidi.

Ila wale walichukua makampuni makubwa tu, machache kwa kila nchi. Lang na wenzie, Stijn Claessens na Simeon Djankov waliokuwa Benki ya Dunia (Djankov baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha wa Bulgaria), wakaamua kubeba mzigo mzima. Na wakati wenyewe ulikuwa unadai. Julai 1997 Thailand iliiachia sarafu yake ikaporomoka, moto ukasambaa Indonesia, Korea Kusini, Malaysia, na makampuni ambayo mwaka jana yake yalikuwa yanasifiwa dunia nzima yakalala chini, ikawa kila mtu anauliza hivi hela zilikuwa zinaenda wapi na nani alikuwa anaamua.

Makala yao ikatoka mwaka 2000. Makampuni 2,980 yaliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya nchi tisa za Asia Mashariki, Hong Kong, Indonesia, Japani, Korea Kusini, Malaysia, Ufilipino, Singapore, Taiwan na Thailand. Nataka usimame kidogo hapo ufikirie kazi yenyewe, maana ni rahisi kuisoma namba ukapita. Daftari la hisa halikwambii mwenye kampuni, linakwambia jina lililoandikwa, na mara nyingi jina lililoandikwa ni la kampuni nyingine, unaenda kwenye hiyo nyingine unakuta kampuni ya tatu, unaenda unakuta benki inayomshikia mtu hisa bila kumtaja, na ukifika kwa binadamu unakuta ni mke wa mtu, au shemeji, au mtoto mwenye jina la baba tofauti, sasa lazima ujue ukoo. Wao waliihesabu familia kama mtu mmoja, kwamba baba akiwa na 8 na mama 7 na mtoto 6, hiyo ni 21 na hiyo ni nyumba moja. Halafu wakaweka mstari, mwenye asilimia 20 ya kura au zaidi tunamwita mwenye kuitawala kampuni, kwa sababu kwenye mkutano mkuu wengi hawaji, mwenye 20 asiye na mpinzani wa ukubwa wake ameshashinda. Mstari huo waliuteremsha mpaka 10 pia ili waone picha inabadilikaje.

Na kupima kura kwenye mnyororo wa makampuni walitumia kanuni moja rahisi: hela unazidisha ngazi kwa ngazi, kura unachukua ile asilimia ndogo kuliko zote njiani. Kwa Mzee wetu hela ni 13, kura ni 51. Ukitoa unapata pengo, na pengo ndo kipimo cha hatari.

Walichokuta ni hiki. Zaidi ya theluthi mbili ya makampuni hayo yana mtu mmoja au nyumba moja inayoyatawala. Kura zinazidi hela kwenye nchi zote tisa, na pengo ni kubwa zaidi kwenye makampuni ya kifamilia na makampuni madogo. Kwenye makampuni yenye mwenyewe, meneja mkuu mara nyingi ni ndugu, kwa hiyo ile hadithi ya meneja wa kuajiriwa anayewazidi akili wenye mali inafutika, meneja ndo mwenye mali, ndo kijana wake. Na kingine kilichonishangaza mi binafsi, makampuni ya zamani ndo yako mikononi mwa familia zaidi, yaani lile wazo kwamba kampuni ikikua na kuzeeka hisa zinatawanyika zenyewe kwa umma halikuonekana kwenye data.

Halafu wakapanda juu zaidi wakajumlisha soko zima. Indonesia, familia ya Suharto, rais aliyetawala zaidi ya miaka 30, peke yake ilikuwa inatawala asilimia 16.6 ya thamani ya makampuni yote ya soko la hisa. Ufilipino familia ya Ayala 17.1. Na familia kumi tu za juu kwenye nchi hizo mbili zilikuwa zinatawala zaidi ya nusu ya soko. Japani ni kinyume kabisa, huko familia hazina uzito mkubwa. Sasa fikiria nchi ambayo nusu ya soko iko kwenye meza ya chakula ya nyumba kumi, hivi bunge likitaka kutunga sheria ya kuwalinda wanahisa wadogo nani ataisukuma? Lang na wenzie walilisema hilo bila kuzunguka, kwamba umiliki ukijikusanya hivyo hata sheria na mahakama zinachelewa kukua.

Hong Kong alikokuwa anakaa piramidi hazikuwa siri. Mwaka 1979 Li Ka-shing, kupitia kampuni yake Cheung Kong, alinunua asilimia 22.4 ya Hutchison Whampoa kutoka benki ya HSBC, kampuni kongwe ya Waingereza yenye bandari na maduka, na baadaye mnyororo ukafika mpaka kampuni ya umeme ya kisiwa cha Hong Kong. Familia, chini yake Cheung Kong, chini yake Hutchison, chini yake umeme. Kila ngazi ina wanahisa wake wa sokoni. Mpaka 2015 familia hiyo ilipoupanga upya mpangilio wake, mwanafunzi wa fedha Hong Kong alikuwa anajifunza piramidi kwa kuangalia bili ya umeme ya mama yake.

Na ukitaka ya karibu na sisi, ipo, na sisemi kuna ubaya wowote, natoa hesabu tu. Mwaka 2017 Vodacom ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 87.5 ya kampuni inayoitwa Vodafone Kenya, na Vodafone Kenya ndo ilikuwa inashika takriban asilimia 40 ya Safaricom. Juu ya Vodacom kuna Vodafone ya Uingereza yenye takriban asilimia 65. Watu wengi walisoma kwenye magazeti kwamba Vodacom ina 35 ya Safaricom, wakajiuliza 35 imetoka wapi wakati kwenye daftari Vodacom haipo, jibu ni 87.5 ya 40. Sasa mfuate wa juu kabisa, Vodafone ya Uingereza: 65 ya 35 ni kama 22.75, ongeza zile 12.5 za Vodafone Kenya ilizobakiza mwenyewe ambazo ni sawa na 5 ya Safaricom, unapata kama 27.75. Hiyo ndo hela. Kura? Ndogo kuliko zote njiani, 40. Kwa hiyo baada ya dili ile pengo lilikuwa kama 12 hivi, na mezani alikuwepo mwenye hisa mwingine mkubwa, serikali ya Kenya na 35 zake, na uwepo wa mtu wa pili mwenye uzito ni jambo linalobadilisha hesabu kabisa, nitalirudia.

Baada ya Asia, Lang akageukia Ulaya, safari hii na Mara Faccio, Muitaliano aliyesomea uzamivu wake Milan na ambaye baadaye alikuja kuwa na jina kubwa yeye mwenyewe kwa utafiti wa makampuni yenye uhusiano na wanasiasa. Makala yao ya 2002 ilichukua makampuni 5,232 ya nchi 13 za Ulaya Magharibi. Yaliyotawanyika, asilimia 36.93. Ya familia, asilimia 44.29. Uingereza na Ireland ndo kuna mtawanyiko wa Kimarekani Marekani, ukivuka bahari kwenda Ufaransa, Italia, Ujerumani, familia zimetamalaki. Huko mbali na piramidi wana pia hisa za aina mbili, moja ina kura nyingi inabaki nyumbani na nyingine ina kura chache inauzwa kwa umma.

Hapa ndo nampendea huyu bwana. Baada ya mtikisiko wa 1997 Asia ilisemwa sana, kwamba tatizo lao ni ubepari wa kujuana, familia, ndugu, marafiki wa rais, na waliokuwa wanasema ni watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2001 Lang, Faccio na Leslie Young wakatoa makala kuhusu gawio wakasema jamani, tabia hizo hizo mnazozisema Asia, familia kushika kampuni na kumweka mtu wao juu, Ulaya Magharibi ziko kwa wingi zaidi. Kwa hiyo familia kushika kampuni siyo jibu la swali. Tofauti iko wapi? Wakaangalia gawio, nani anawarudishia wanahisa wadogo hela na nani anaikalia. Makampuni yaliyo ndani ya makundi, yaani yenye mnyororo juu yake, Ulaya yanalipa gawio kubwa kuliko ya Asia. Hela iliyokwisha kugawiwa haiwezi tena kupangishiwa ghala, imeshafika kwa mwalimu, kwa hiyo gawio ni kinga. Halafu wakaangalia kampuni yenye zaidi ya mwenye hisa mkubwa mmoja. Ulaya, mkubwa wa pili akiwepo gawio linapanda, anamchunga wa kwanza. Asia, mkubwa wa pili akiwepo gawio linashuka. Wa pili anakula na wa kwanza.

Isome tena hiyo. Kitu kile kile, mwenye hisa mkubwa wa pili, sehemu moja ni mlinzi na sehemu nyingine ni mshirika wa wizi, na kinachobadilisha ni mazingira, sheria, mahakama, magazeti ya uchumi, uwezekano wa mwanahisa mdogo kushtaki na kusikilizwa. Ndo maana nilisema kuhusu mtu wa pili mezani nitalirudia. Haitoshi kusema bodi ina wawakilishi wa pande mbili, lazima uulize hao wawili wanakutana wapi nje ya bodi.

Kuna kazi nyingine ya 2002, na Claessens, Djankov na Joseph Fan, ambayo naiona ndo imefunga hoja. Makampuni 1,301 ya nchi nane za Asia Mashariki. Walitenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Mwenye kampuni akiwa na hela yake nyingi ndani, thamani ya kampuni sokoni inapanda, kwa sababu akiiumiza anajiumiza, anakuwa na uchungu nayo. Ila kura zake zikizidi hela zake, thamani inashuka, na kadri pengo linavyopanuka ndo inavyozidi kushuka. Kwa hiyo mtu akikwambia kampuni za familia ni mbaya au kampuni za familia ni nzuri, mwambie hajauliza swali lenyewe, swali ni hela yake iko ndani kiasi gani ukilinganisha na sauti yake. Baba mwenye asilimia 70 ya kura na 70 ya hela namwamini kuliko mwenye 40 ya kura na 6 ya hela, hata kama wa pili anavaa suti na anaongea vizuri kwenye mahojiano.

Kwenye Kiingereza cha maprofesa kule kutoa mali kwa njia ya ghala la Mzee kunaitwa kuchimba handaki, neno limetoka Ucheki miaka ya 90 baada ya ubinafsishaji, kule wananchi waligawiwa hisa kisha makampuni yakakauka kwa ndani huku majengo yamesimama. Njia zenyewe siyo ghala tu. Kuna kampuni ya chini kumkopesha wa juu bila riba, kuna ada ya menejimenti kwa kampuni mama, kuna kununua malighafi kwa shemeji, kuna kuuza kiwanja cha kampuni kwa mtoto wa mwenyekiti bei ya zamani. Mwaka mmoja nilihudhuria mkutano mkuu wa kampuni ambayo nina hisa chache, mzee mmoja mstaafu aliyekaa karibu yangu akasimama akauliza, ndugu mwenyekiti, mbona kila mwaka tunailipa kampuni mama ada ya menejimenti na gawio hatulioni mwaka wa tatu sasa? Akajibiwa jambo hilo limeshapitishwa na wanahisa. Ukumbi mzima tulikuwa wanahisa na tuliangaliana, hakuna aliyekumbuka kulipitisha. Kura ya mwenye hisa mkubwa ilikuwa imeletwa kwa karatasi na ilitosha peke yake. Yule mzee akakaa akafunga daftari lake.

Nikirudi kwa Lang, kilichompa jina mtaani siyo hizi makala, ni mwaka 2004 na China bara. Wakati ule serikali za mitaa za China zilikuwa zinauza makampuni ya umma, mara nyingi kwa watu waliokuwa wanayaendesha, na Lang akachukua ule ule ujuzi wa kusoma ripoti za mwaka akaanza kuzisoma hadharani moja moja. Aliigusa TCL, akaigusa Haier, kampuni kubwa za vifaa vya umeme, na tarehe 9 Agosti 2004 akasimama Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, akaizungumzia Greencool, kampuni ya mfanyabiashara Gu Chujun. Gu alikuwa ameichukua Kelon, kampuni ya majokofu ya Shunde, mkoa wa Guangdong, iliyokuwa mali ya serikali ya mji. Hoja ya Lang ilikuwa kwamba ukiweka hesabu za miaka pembeni kwa pembeni unaona mwenendo, mtu anaingia kwenye uongozi kwanza, mwaka huo kampuni inaandika hasara kubwa mno (Kelon mwaka 2001 iliandika zaidi ya yuan bilioni 1.5), bei inakuwa ya chini, na mwaka unaofuata ghafla kuna faida na mnunuzi anaonekana mkombozi. Gu alikanusha na akamfungulia Lang kesi ya kashfa Hong Kong. China nzima ikagawanyika, wachumi wengine wakimwambia Lang anataka kurudisha nchi nyuma, na watu wa kawaida wengi, hasa waliopoteza ajira viwandani, wakimshangilia, mtandaoni hakukuwa na jambo jingine.

Aprili 2005 serikali ya China ikatoa kanuni zilizokataza makampuni makubwa ya umma kuuzwa kwa mameneja wake. Julai mwaka huo Gu akakamatwa. Januari 2008 mahakama ya Foshan ikamfunga miaka 10 kwa makosa matatu, kutangaza mtaji wa uongo, kutoa taarifa za uongo kwa wanahisa, na kutumia vibaya fedha za kampuni. Wengi wakasema Lang ameshinda.

Hapo haikuishia. Gu alitoka 2012 akaanza kudai kesi yake isikilizwe upya, na Aprili 2019 mahakama ya juu kabisa ya China ikayafuta makosa mawili ya kwanza, ikabakiza la fedha za kampuni, na kifungo ikakishusha kuwa miaka 5, wakati alikuwa ameshakaa zaidi ya hiyo. Na angalia pia, kwenye yale matatu ya mwanzo hakuna hata moja linalosema mali ya umma iliuzwa bei ya kutupa, jambo ambalo ndo lilikuwa kiini cha hotuba ya Fudan. Mimi hii sehemu inanisumbua na siwezi kuipita. Makala ya kampuni 2,980 inakwambia wapi pana hatari, wapi mtu ana nafasi na sababu ya kuiba, na kwa hilo naiamini kabisa, lakini haikwambii huyu hapa, jina fulani, ameiba. Kutoka kwenye pengo la kura na hela mpaka kwenye jina la mtu kuna safari ndefu ya vielelezo, mashahidi na hakimu, na profesa akiwa jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa safari hiyo inaonekana fupi. Bado nadhani swali alilouliza lilikuwa halali na lilipaswa kuulizwa kwa sauti, ila namna ya kulijibu haikuwa ya jukwaani.

Kwetu Tanzania sheria ilibadilishwa 2020, kampuni zinatakiwa kumwandikisha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili makampuni, yule anayeitwa mmiliki manufaa, yaani binadamu wa mwisho anayefaidika au kuamua, siyo jina la kampuni nyingine. Kenya nao walitoa kanuni zao mwaka huo huo. Ukisoma maana ya mmiliki manufaa unaona ni ile ile kazi ya Lang na wenzie, ngazi kwa ngazi mpaka umkute mtu mwenye pua na mdomo, tofauti ni kwamba sasa kampuni yenyewe ndo inatakiwa ikupe jibu.

Baada ya ule mkutano mkuu nilijaribu mwenyewe kwa mkono. Nilifungua ripoti ya mwaka ukurasa wa wanahisa kumi wakubwa, wa kwanza ana zaidi ya nusu na ni kampuni iliyosajiliwa Mauritius. Ya Mauritius ni ya kampuni ya Uholanzi. Ya Uholanzi ni ya mfuko ambao wenye nao hawaandikwi. Jumapili tatu zimeishia hapo, nimejaza kurasa mbili na ngazi ya nne iko tupu. Yule mstaafu tulibadilishana namba siku ile, nikampigia nikamsomea yote, alisikiliza bila kunikatiza, halafu akaniuliza, sasa kijana wangu, huyo wa nne ni nani?